Kifaa kimetengenezwa na bado ni kibovu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki za mnunuzi Uingereza

Umenunua friji, simu, mashine ya kufulia au gari kwenye duka la Uingereza. Kikaharibika, ukakirudisha, wakakitengeneza, na sasa kimeharibika tena. Duka linakwambia, "Kilete tukiangalie tena." Majibu haya ni ya mtu aliyefika hapo.

Sheria inayozungumziwa ni Consumer Rights Act 2015. Inatumika England, Wales, Uskoti na Ayalandi ya Kaskazini, kwa bidhaa zilizonunuliwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015. Kama ulinunua Kenya au Tanzania, nenda moja kwa moja swali la 21.

## Mambo ya msingi

1. Duka lina nafasi ya kutengeneza mara ngapi?

Mara moja. Kifungu cha 24 kiko wazi: ukiomba au ukikubali kifaa kitengenezwe, kikarudishwa kwako na bado hakiko sawa, unaweza kukikataa na kudai pesa zako, au ukabaki nacho na kudai upunguziwe bei. Anayechagua kati ya hayo mawili ni wewe, si meneja.

Usemi kwamba duka lina majaribio matatu umeenea sana, na baadhi ya wahudumu wanausema kwa kuamini kabisa. Haumo katika sheria. Hata kama umeandikwa nyuma ya risiti hauna nguvu, kwa sababu kifungu cha 31 kinabatilisha sharti lolote la duka linalopunguza haki hizi.

Ukitaka kuwapa nafasi ya pili, wape. Ila ukishakubali, itabidi uwaachie muda wa kutosha kumaliza kazi kabla ya kugeuka na kudai pesa. Kwa hiyo usikubali kwa simu huku umechoka kubishana. Kubali kwa barua pepe, taja tarehe ya mwisho, na uandike kwamba hukuiacha haki yako ya kukikataa kifaa.

2. Nimdai nani, duka au kampuni iliyokiunda?

Duka. Pesa ulilipa dukani, kwa hiyo mkataba wako ni na duka. Kauli ya "wasiliana na kampuni yenyewe" ndiyo njia inayotumika zaidi kumzungusha mteja. Jibu kwa upole kwamba waranti ya kampuni ni nyongeza tu, na kwamba dai lako ni la kisheria dhidi ya muuzaji.

Waranti ikiwa imekwisha muda wake, haki dhidi ya duka haijafa nayo. Madai yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6 England, Wales na Ayalandi ya Kaskazini, na miaka 5 Uskoti. Hii haina maana kwamba kila kifaa lazima kidumu miaka 6. Kibaniko cha mkate cha pauni 15 hakitegemewi kudumu sawa na friji ya pauni 900, na jaji ataangalia hivyo.

3. Kwa sheria, kifaa kibovu ni kipi?

Ni kile kisicho na ubora unaoridhisha, au kisichofaa kazi uliyoambiwa kitaifanya, au kisicholingana na maelezo na picha. Ubora unapimwa kwa bei, aina ya bidhaa na kile mtu wa kawaida angetegemea. Uimara na usalama vimo ndani yake.

Hakihesabiki kuwa kibovu kama ulikiangusha, kama uchakavu ni wa kawaida, kama kasoro ulioneshwa wazi kabla ya kununua, au kama umebadili tu mawazo.

4. Sina risiti. Nimeshindwa?

Hapana. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba ulinunua pale: taarifa ya benki, barua pepe ya oda, au rekodi ya kadi ya uaminifu ya duka. Uliyelipa taslimu na huna chochote, nenda na tarehe na saa ya karibu ya ununuzi uwaombe watafute kwenye mfumo wao. Mashine ya malipo huhifadhi miamala.

5. Bado niko ndani ya siku 30. Kwa nini nikubali matengenezo?

Hulazimiki. Ndani ya siku 30 tangu upokee kifaa unaweza kukikataa papo hapo na kurudishiwa pesa zote bila kumpa fundi nafasi. Tatizo moja: katika haki hii ya mwanzo, wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu ulipokabidhiwa.

Ukiwa umeshakubali matengenezo, saa ya siku 30 inasimama hadi kifaa kirudi. Kikirudi kibovu, unapata siku zilizokuwa zimebaki, na zisipungue 7. Aliyebakiwa na siku 10 atapata 10. Aliyebakiwa na 3 atapata 7. Zikipita, bado una haki ya mwisho ya kukataa iliyoelezwa katika swali la 1, na katika miezi 6 ya kwanza hiyo inabebeka kwa ushahidi mwepesi zaidi (swali la 12).

## Kifaa kimerudi kutoka kwa fundi

6. Matengenezo yanahesabika lini kuwa yamefanyika?

Pale duka linapokukabidhi kifaa au kukuambia ukichukue, baada ya wewe kuomba au kukubali kitengenezwe. Kwa mashine kubwa zinazotengenezwa nyumbani, ni pale fundi anapotamka kwamba amemaliza. Ndiyo maana karatasi ya kazi ni muhimu kuliko stakabadhi nyingine yoyote utakayopewa. Isome kabla ya kutia saini mlangoni. Kama fundi amebadilisha pampu na karatasi inasema "imekaguliwa" tu, mwambie aandike pampu.

7. Kasoro ya sasa si ile ya mwanzo. Duka linasema tunaanza upya.

Hawaanzi upya. Sheria inasema matengenezo ni matengenezo, "iwe kwa kasoro moja au zaidi ya moja". Kama simu ilitengenezwa tundu la chaji na sasa kioo kinazimika chenyewe, nafasi yao moja imeshatumika. Kitakachobishaniwa ni kama tatizo la kioo ni la kifaa chenyewe au ni la mkono wako, na hapo swali la 12 linakuhusu.

8. Wiki ya sita hii, kifaa hakijarudi. Nisubiri?

Matengenezo yanatakiwa kufanyika ndani ya muda unaofaa na bila kumsumbua mnunuzi kupita kiasi, tena kwa gharama ya duka: vipuri, ufundi, hata posta. Yakikosa hayo, unaweza kudai pesa zako hata kabla kifaa hakijarudi.

Sheria haikutaja idadi ya siku, kwa sababu inategemea kifaa na matumizi yake. Nyumba yenye mtoto mchanga haiwezi kukaa bila friji kama inavyoweza kukaa bila spika. Cha kufanya ni kuwaandikia leo: taja tarehe waliyokichukua, eleza unavyoathirika, na uwape tarehe ya mwisho. Siku 7 kwa friji au mashine ya kufulia ni ombi la haki kabisa. Kisingizio cha "tunasubiri kipuri" ni chao kukibeba, si chako.

9. Wanasema "hatukuona tatizo". Nifanye nini?

Hapa ndipo madai mengi mazuri yanapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kasoro inayokuja na kuondoka haitokei mbele ya fundi wa dakika 20. Ushahidi lazima uukusanye wewe, kabla hajaja.

Mashine ya kufulia: iwashe ikamue ikiwa tupu, rekodi video inayoonesha kasi iliyoandikwa kwenye skrini na sauti inavyopanda. Ikizima, fungua mlango, shika mdomo wa pipa la ndani, linyanyue na kulishusha. Likicheza peke yake huku pipa la nje limetulia, beringi imekwisha, na fundi hawezi kuikana video hiyo. Lakini kama mashine mpya inarukaruka na kutembea sakafuni, kwanza angalia nyuma kama bolti za usafirishaji, zile zinazolishika pipa lisicheze njiani, zimetolewa. Zikisahaulika, pipa halina nafasi ya kucheza na mashine nzima hutikisika. Waliofunga mashine wakiwa ni wa duka, kosa hilo nalo ni la duka.

Friji: weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, ilale humo usiku kucha. Maji hayabadiliki joto kila mlango ukifunguliwa, kwa hiyo kipimo kinaaminika. Soma asubuhi na jioni kwa siku tatu, piga picha kila mara. Friji nzima inatakiwa ikae nyuzi 5 au chini yake. Ikisoma 9 au 10 ikiwa imewekwa kwenye baridi ya juu, una ushahidi.

Simu: kabla ya kuiacha, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo peke yake, ili urudishiwe ileile au ujue umepewa nyingine. Hifadhi picha na mazungumzo yako. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: mwombe mhudumu atoe kisahani cha laini mbele yako, na upige picha ya kibandiko cha unyevu kilichomo, kama simu yako inacho. Kibandiko hicho hubadilika rangi kikilowa. Ukishaondoka bila picha, wakisema baadaye "imeingia maji" huna la kujibu.

Baada ya hapo, jibu la "hatukuona tatizo" linageuka kuwa msaada kwako. Waulize kwa maandishi walipima nini, kwa muda gani, na kama waliiangalia video. Kifaa kikirudi na kuonesha kasoro ileile, matengenezo yameshindikana.

10. Duka linakataa kunieleza walibadilisha nini.

Dai ripoti, na uwaambie huwezi kuamua kukipokea bila kuijua. Mwaka 2007 House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati ule, iliamua kesi ya J & H Ritchie dhidi ya Lloyd iliyotoka Uskoti. Kampuni ya kilimo ilinunua mashine ya kupandia mbegu, ikatikisika vibaya shambani. Muuzaji akaichukua, akaitengeneza, akasema sasa ni sawa na mpya, lakini akakataa kusema kasoro ilikuwa nini. Ilikuwa beringi mbili zilizokosekana. Mahakama ikasema mnunuzi alikuwa na haki ya kuikataa mashine, kwa kuwa alinyimwa taarifa aliyohitaji ili aamue.

Kesi hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara na ilitumia sheria ya zamani ya mauzo, lakini hoja yake ni nzito na inafaa kutajwa kwenye barua.

11. Nilikipeleka mwenyewe kwa kampuni iliyokiunda, duka halikuhusika. Inahesabika?

Hapa kuna mtego. Nafasi moja ya matengenezo ni ya muuzaji. Kama ulipiga simu kwa kampuni kwa waranti yake bila duka kujua, duka linaweza kusema halijapata nafasi yake. Kama duka ndilo lililokutuma huko, hiyo ni kazi yao waliyompa mtu mwingine, na inahesabika. Kwa hiyo hata pale njia ya kampuni ni ya haraka zaidi, anza kwa kuliandikia duka, na uhifadhi jibu lao la "wapigie kampuni".

## Pesa

12. Nani anathibitisha kwamba kasoro si yangu?

Ndani ya miezi 6 tangu upokee kifaa, kasoro inayojitokeza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, na duka ndilo la kuthibitisha vinginevyo. Kanuni hii ni ya pale unapodai matengenezo, kupunguziwa bei, au haki ya mwisho ya kukataa.

Baada ya miezi 6 kazi hiyo inahamia kwako. Njia ya kawaida ni ripoti ya fundi huru ambaye si wa duka wala si jirani yako. Iwe na jina la fundi na sifa zake, namba ya kifaa, alichopima, sababu ya kasoro kwa maoni yake, na sentensi inayosema kama imetokana na kifaa chenyewe au na matumizi. Ripoti isiyogusa sababu haifai kitu. Kabla ya kulipia, mwandikie muuzaji: wengine hukubali kuheshimu ripoti na kurudisha gharama yake ikithibitisha kasoro. Na ule ukweli kwamba walishakitengeneza mara moja ni ushahidi pia. Karatasi yao inakubali kwamba kulikuwa na tatizo.

13. Nitarudishiwa pesa zote?

Ukikikataa kifaa ndani ya miezi 6, duka haliruhusiwi kukata chochote kwa sababu umekitumia. Gari ndilo lililoachwa nje ya kinga hii: wanaweza kukata kwa matumizi tangu mwanzo, kwa kawaida kwa kuangalia maili ulizoendesha.

Baada ya miezi 6 makato yanaruhusiwa kwa bidhaa zote, lakini lazima yalingane na matumizi uliyoyapata kweli. Mashine iliyokaa kwa fundi miezi miwili kati ya kumi haikukufulia kwa miezi kumi. Taja hilo, na omba wakuoneshe hesabu. Makato ya asilimia bapa yasiyo na maelezo yapinge.

Duka likishakubali kwamba unastahili, pesa zinatakiwa zirudi ndani ya siku 14, kwa njia ileile uliyolipia na bila ada. Vocha ya duka si lazima uipokee.

14. Ni lini kupunguziwa bei kuna faida kuliko kukataa?

Pale kasoro ni ndogo na kifaa unakihitaji. Televisheni ya pauni 600 yenye tundu moja bovu la kuchomekea waya kati ya matatu bado inafanya kazi. Kiwango hakikuandikwa popote. Anza na tofauti ya thamani kati ya ulichoahidiwa na ulichonacho. Ukishapokea punguzo kwa kasoro hiyo, huwezi kurudi baadaye ukakataa kifaa kwa kasoro ileile.

15. Chakula kimeoza, nimelipia dobi, nimepoteza siku za kazi. Navyo?

Hasara iliyotokana moja kwa moja na kasoro unaweza kuidai juu ya bei ya kifaa. Chakula na dobi huthibitika kwa risiti na picha. Siku za kazi ni ngumu zaidi, hasa kama ungeweza kupanga fundi aje jioni. Unatakiwa pia uzuie hasara isikue: nyama iliyoachwa siku nne kwenye friji unayojua haipozi haitalipwa.

16. Nani anagharimia kukirudisha?

Duka linabeba gharama zinazofaa za kurudisha kifaa ulichokikataa. Isipokuwa moja: kama ulikichukua mwenyewe dukani, nauli ya kukirudisha pale dukani ni yako. Wajibu wako ni kukiweka tayari kichukuliwe. Mara ukikikataa, acha kukitumia kadiri uwezavyo. Anayeendelea kuendesha gari alilolikataa anawapa wapinzani wake hoja. Simu iondoe kwenye akaunti yako kabla haijaondoka, lakini ushahidi uwe umeshahifadhiwa kwingine.

## Duka likigoma

17. Barua ya kukataa inaandikwaje?

Fupi, kwa Kiingereza, kwa barua pepe ili tarehe ijioneshe. Hata kama umeshaongea na mtu dukani, andika. Iwe na mambo haya:

- Ulinunua nini, lini, kwa bei gani, namba ya oda.
- Kasoro ya kwanza na tarehe uliyoripoti.
- Tarehe ya matengenezo na kilichofanyika kwa mujibu wa karatasi ya fundi.
- Kasoro iliyopo sasa, na ushahidi ulioambatanishwa.
- Kwamba unatumia "final right to reject" (haki ya mwisho ya kukataa) chini ya kifungu cha 24 cha Consumer Rights Act 2015. Maneno hayo ya Kiingereza yaandike kama yalivyo, kwa sababu "sijaridhika" linaweza kusomwa kama ombi la fundi mwingine.
- Kiasi unachodai, siku 14 za kujibu, na lini waje kukichukua.

Matusi na vitisho vya mitandaoni viache nje. Barua hii huenda siku moja ikasomwa na jaji.

Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye kabla ya kuituma, Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, wana simu ya bure ya masuala ya wanunuzi kwa England na Wales: 0808 223 1133.

18. Nililipa kwa kadi. Benki inaweza kunisaidia?

Kadi ya mkopo ndiyo silaha bora. Kwa kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act 1974, kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000 kinaifanya benki iwajibike sawasawa na duka. Hata kama kwa kadi ulilipa amana tu, benki inawajibika kwa dai zima. Inafanya kazi pia duka likiwa limefilisika. Dai linakwama pale mwenye kadi na mnunuzi si mtu mmoja, au malipo yalipopitia kwa mtu wa kati.

Kadi ya debiti haina kifungu hicho. Kuna utaratibu wa benki kurudisha muamala kwa kanuni za Visa na Mastercard, ambao kwa kawaida una kikomo cha siku 120. Si haki ya kisheria, na kwa kifaa kilichokaa kwa fundi muda mrefu siku hizo huisha upesi, kwa hiyo usingoje.

Benki ikikataa, au wiki 8 zikipita bila jibu la mwisho, peleka malalamiko Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro ya wateja na benki. Ni bure. Una miezi 6 tangu barua ya mwisho ya benki.

19. Mahakamani kunagharimu kiasi gani?

England na Wales, madai yasiyozidi pauni 10,000 kwa kawaida huenda kwenye utaratibu wa madai madogo, ambako huhitaji wakili, na ukishindwa kwa kawaida hulipi wakili wa upande wa pili. Uskoti kikomo ni pauni 5,000. Ada ya kufungua England ni pauni 35 kwa dai lisilozidi pauni 300, na pauni 70 kwa dai la zaidi ya pauni 500 hadi 1,000. Kuna ada nyingine kesi ikifika kusikilizwa. Ukishinda, ada huongezwa kwenye deni la duka. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada kwa fomu EX160.

Kabla ya kufungua, tuma barua ya mwisho inayosema wazi kwamba utafungua kesi baada ya siku 14. Maduka mengi hulipa hapo, kwa kuwa dai la pauni 400 halifai kumtuma mtu mahakamani. Wasipolipa, tarajia kwanza simu ya upatanishi ya hadi saa moja, ambayo tangu Mei 2024 ni ya lazima kwa madai mengi madogo. Ingia na kiwango cha chini utakachokubali kikiwa kimeandikwa mbele yako. Na mtaje mdaiwa kwa jina lake la kisheria, lile lililo kwenye risiti au kwenye Companies House, sajili ya makampuni ya Uingereza, si jina la bango. Hukumu dhidi ya jina lisilokuwepo haikusanyi hata senti.

## Hali za pembeni

20. Nilinunua cha mtumba, kwenye soko la mtandaoni, kwa mkopo, au ni zawadi.

Mtumba kutoka kwa mfanyabiashara una haki zote hizi, ila ubora unapimwa kwa umri na bei. Kutoka kwa mtu binafsi, kitu kinatakiwa tu kilingane na alivyokieleza. Nafasi moja ya matengenezo haipo.

Soko la mtandaoni: mkataba ni na muuzaji aliyetajwa kwenye oda, mara nyingi si jukwaa lenyewe. Akiwa nje ya nchi, kushinda kesi ni rahisi kuliko kulipwa, kwa hiyo anza na utaratibu wa jukwaa na kadi.

Gari la mkopo wa kukodi-na-kununua ni mali ya kampuni ya fedha mpaka umalize. Barua ya kukataa iende kwao, nakala kwa muuzaji. Usiache kulipa marejesho huku mnabishana. Itachafua rekodi yako ya mikopo.

Zawadi: mwenye mkataba ni aliyenunua, kwa hiyo yeye ndiye aandike.

21. Nimekituma Mombasa au Dar es Salaam, au nimekinunua hukohuko.

Ulichonunua Uingereza na kukituma nyumbani bado kina haki dhidi ya duka la Uingereza, lakini utekelezaji ni mgumu. Duka linabeba gharama zinazofaa tu, na kulirudisha friji kwa meli ni vigumu kuliita gharama inayofaa. Waranti nyingi za kampuni huishia mipakani. Pia watasema umeme wa huko umekiunguza. Umeme wa Uingereza ni volti 230 na hezi 50, Tanzania vivyo hivyo, Kenya volti 240 na hezi 50, kwa hiyo kifaa hakikosei nchi. Kinachoua ni umeme unaopanda na kushuka. Risiti ya kidhibiti umeme na picha yake kikiwa kimechomekwa zitakusaidia. Bora zaidi, kiwashe na kukitumia kwa wiki mbili kabla hakijaingia kontena, ungali ndani ya siku 30.

Ulichonunua Kenya au Tanzania hakiguswi na sheria hii. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja. Tanzania Bara kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Hesabu ya "mara moja" haitumiki huko, lakini ushahidi wa swali la 9 ni uleule. Kitu kimoja kiongezwe: kadi ya waranti igongwe mhuri na kuandikwa tarehe na namba ya kifaa palepale unapolipa, maana kadi tupu wataikana.

22. Nilimlipa fundi wa mtaani mwenyewe, na kazi yake imeharibika.

Hiyo ni huduma, si bidhaa, na utaratibu wake ni tofauti. Fundi anatakiwa afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Akishindwa, unadai airudie bila malipo, na akishindwa tena au akichelewa, upunguziwe malipo, ikibidi yote. Kipuri alichokuuzia kina haki zake chenyewe kama bidhaa. Kama kifaa bado kina dai dhidi ya duka, kumwita fundi wa nje kabla duka halijapata nafasi yake kunaweza kuua dai hilo: watasema yeye ndiye aliyekiharibu, na skrubu zilizochubuka zitawaunga mkono. Kama umeshamwita, mwombe arudishe kipuri cha zamani na aandike alichokikuta alipofungua.